Sauti Nyembamba na Sauti Nene: Lugha ya Kufundishia Muziki kwa Vijana wa Asili Mbalimbali

Utangulizi

Katika miji kadhaa ya Afrika Mashariki imezuka mipango ya kuwafundisha vijana muziki nje ya shule za kawaida. Mipango hiyo haiwachagui watoto kwa alama za mtihani wala kwa uwezo wa wazazi wao. Huwapokea watoto wa mitaa ya jirani, wenye makabila, dini na lugha mbalimbali, ikawapatia ala, mwalimu na mahali pa kufanyia mazoezi. Aghalabu mazungumzo juu ya mipango hiyo huhusu mambo mawili: fedha za kuiendesha, na manufaa yake katika kuwaepusha vijana na maovu ya mitaani. Mambo hayo ni mazito. Hata hivyo lipo jambo la tatu ambalo halina budi kuangaliwa, nalo ni la lugha: mwalimu na mwanafunzi wanakiitaje kile wanachokifanya?

Shabaha ya makala haya ni kueleza kwa nini swali hilo si dogo. Inadaiwa hapa kwamba majina ya mambo ya muziki si mapambo yanayoweza kusubiri hadi mwanafunzi ajue kupiga ala. Jina ndilo linaloiwezesha elimu kutoka kwa mtu mmoja na kumfikia mwingine. Kijana anayeweza kupiga lakini hawezi kueleza anachokipiga kwa lugha ya wenzake amepata ustadi, lakini hajapata uwezo wa kuurithisha. Mpango ambao wahitimu wake hawawezi kuurithisha ustadi wao hutegemea daima mwalimu kutoka nje na mfadhili kutoka mbali.

Mipango Mitatu

Mpango wa namna hii uliovuma kuliko yote ni ule wa Venezuela uitwao El Sistema, ulioanzishwa mjini Caracas mwaka 1975 na José Antonio Abreu, mwanauchumi aliyekuwa pia mwanamuziki. Abreu, aliyefariki mwaka 2018, alishikilia kwamba okestra ni jamii ndogo, na kwamba mtoto maskini anayejifunza kupiga pamoja na wenzake hujifunza pia kuishi pamoja nao. Fikira hiyo ilienea katika nchi nyingi. Haikukosa wapinzani: mwaka 2014 mtaalamu wa Kiingereza Geoffrey Baker alitoa kitabu kilichohoji nidhamu kali ya mpango huo na jinsi ulivyouweka muziki wa Ulaya katikati ya kila kitu.

Nchini Kenya mpango unaofanana na huo kwa kiasi fulani ni Ghetto Classics, ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008 katika kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, Korogocho, mtaa wa Nairobi ulio karibu na jaa kubwa la Dandora. Watoto wa Korogocho hufundishwa fidla, tarumbeta, klarineti, saksafoni na ala nyingine za okestra. Korogocho ni mtaa wa watu waliotoka pande nyingi za nchi. Ndani ya darasa moja anaweza kuwamo mtoto ambaye nyumbani husema Kijaluo, mwingine Kikikuyu, mwingine Kikamba, na mwingine lugha mojawapo ya Kiluhya. Wanapotoka nje kucheza, wote husema Kiswahili cha mtaani.

Mfano wa tatu ni wa Unguja. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilifunguliwa mwaka 2002 katika Mji Mkongwe, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa jengo la Forodha ya Kale lililo kando ya bahari, Mizingani. Tofauti na Korogocho, kiini cha mafunzo ya chuo hiki ni muziki wa kwao: taarabu, kidumbak na ngoma za Visiwani, pamoja na ala kama udi, kanuni, nai, fidla, akodiani na dumbak. Wanafunzi wake ni vijana wa mjini na mashamba, Waunguja na Wapemba, wenyeji wa bara waliohamia, na wageni wanaokuja kwa muda.

Mipango miwili hii ya Afrika Mashariki imechukua njia mbili tofauti. Mmoja umeingia kwa mlango wa okestra ya Ulaya, na mwingine kwa mlango wa sanaa ya pwani. Hata hivyo, wanafunzi wa pande zote mbili wana lugha moja wanayoshirikiana, nayo ni Kiswahili. Kabla ya kuuliza lugha hiyo inaweza kufanya kazi gani darasani, yafaa kuangalia kazi iliyokwisha kuifanya zamani.

Mafunzo ya Muziki Kabla ya Mipango ya Leo

Kuwafundisha muziki vijana wa asili mbalimbali si jambo lililoletwa na wafadhili. Ngoma ya beni, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, ilizuka katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19. Ilienea kwa kasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, ikafika bara hadi maeneo ya mbali. Historia yake ilielezwa na T.O. Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975. Vyama vya beni kama Arinoti na Marini vilikuwa na matawi katika miji mingi. Kijana aliyetoka bara akafika mji mgeni kutafuta kazi aliweza kukuta tawi la chama chake, akapokelewa. Alijifunza gwaride, mapigo na nyimbo kwa Kiswahili, hata kama Kiswahili chenyewe alikuwa bado anakijifunza. Kwa hiyo ala na mavazi yaliigwa kwa Wazungu, ilhali lugha ya kufundishana ilikuwa ya wenyewe.

Mfano wa pili ni Siti binti Saad. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, na wasikilizaji wake walikuwa watu wa daraja maalumu. Siti, aliyezaliwa Fumba katika nyumba ya watu maskini, aliiimba sanaa hiyo kwa Kiswahili. Mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay, na sahani zake zikasikika kote pwani na bara. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahili kitabu kizima. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba ala zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni lugha, na lugha ilipobadilika, watu wa Ng'ambo, ambao asili zao zilikuwa nyingi, waliiona sanaa ile kuwa yao.

Mifano hiyo miwili yaonyesha kwamba ala ngeni haiwatengi watu na muziki, mradi mlango wa kuingilia uwe katika lugha yao.

Solfa: Muziki wa Wasio na Ala

Ama kuhusu mbinu za kufundishia, hapana budi kuitaja solfa, kwa kuwa ndiyo iliyowafundisha Waafrika wengi kusoma muziki. Asili yake ya mbali ni Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11. Guido alitafuta njia ya kuwawezesha waimbaji kuimba wimbo wasiowahi kuusikia. Alichukua silabi za mwanzo za mistari ya utenzi mmoja wa Kilatini, ambao kila mstari wake ulianzia ngazi moja juu ya ule uliotangulia, akazifanya majina ya sauti. Tangu hapo mwanafunzi hakuwa na haja ya kukariri kila wimbo kutoka kinywani mwa mwalimu. Alikuwa na majina, na kwa majina hayo aliweza kujifundisha mwenyewe.

Katika karne ya 19 Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich nchini Uingereza, aliirahisisha njia hiyo kwa ajili ya watoto. Mchungaji John Curwen, aliyeombwa mwaka 1841 kutafuta namna bora ya kufundisha uimbaji katika shule za Jumapili, aliieneza. Solfa yake huandikwa kwa herufi za kawaida, na mapigo hutenganishwa kwa nukta na vituo. Kwa sababu hiyo iliweza kupigwa chapa katika kiwanda chochote kwa gharama ndogo, na kuandikwa ubaoni kwa chaki. Curwen aliwakusudia watoto wa wafanyakazi na watu wasio na piano nyumbani. Wamisionari waliichukua hadi Afrika, na Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyetunga mwaka 1897 lahani ambayo leo ni ya wimbo wa taifa wa Tanzania, alikuwa mmoja wa kizazi kilicholelewa na solfa. Kwaya za Kenya na Tanzania zingali zikiitumia.

Hata hivyo solfa ina mipaka. Iliundwa kwa ajili ya ngazi ya sauti ya Ulaya, na kila jina lake lina mahali pake maalumu. Katika taarabu kuna mipango ya sauti iliyotoka kwa Waarabu, iitwayo maqam, kama vile rast na bayati. Sauti ya tatu ya rast iko kati ya mbili ambazo solfa inazitambua. Mwanafunzi mwenye solfa peke yake ataisikia kama kosa. (Neno maqam lenyewe ndilo lililozaa neno la Kiswahili makamu, lenye maana ya daraja au kiasi cha umri.) Vilevile solfa haisaidii sana katika nyatiti ya Wajaluo, chombo chenye nyuzi nane. Mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye chombo, hata muziki ukawa na mikono miwili, mguu na sauti ya kinywa, kila kimoja kikifuata njia yake.

Yaani solfa yafaa kuwa ngazi ya kupandia, lakini isichukuliwe kuwa nyumba nzima.

Sauti Ipi ni ya Juu?

Tatizo la lugha hudhihirika tangu somo la kwanza. Mwalimu aliyesoma muziki kwa Kiingereza akitaka kueleza tofauti baina ya sauti ya mtoto na ya mzee wa besi, atasema moja iko juu na nyingine iko chini. Akitafsiri neno kwa neno atamwambia mwanafunzi, "Sauti yako ipande juu." Mwanafunzi mwenye Kiswahili atafanya kama alivyoambiwa: atapaza sauti. Ataimba noti ile ile kwa nguvu zaidi. Mwalimu atamwona hana sikio, ilhali mwanafunzi ameitii lugha yake.

Katika Kiswahili, kupaza sauti au kuinua sauti ni kuiongezea nguvu, na kuishusha ni kuipunguza. Ama tofauti ile anayoikusudia mwalimu ina majina yake ya asili: sauti nyembamba na sauti nene. Mtoto ana sauti nyembamba, mzee wa besi ana sauti nene au nzito. Sauti nyembamba yaweza kuwa ya nguvu au ya upole, na sauti nene kadhalika. Kwa hiyo Kiswahili hakina upungufu katika jambo hili. Kina maneno mawili kwa mambo mawili, na kosa huingia pale tafsiri inapoyachanganya.

Pengine itadhaniwa kwamba wembamba na unene ni njia duni ya kusema, na kwamba juu na chini ndiyo hali yenyewe ya sauti. Sivyo. Wayunani wa kale walisema sauti kali na sauti nzito. Wasemaji wa Kifarsi na Kituruki hata leo husema nyembamba na nene, kama Waswahili. Juu na chini ni sitiari moja miongoni mwa nyingi, nayo imeimarishwa na mtindo wa kuandika nota juu ya mistari mitano, ambapo noti nyembamba huwekwa juu ya karatasi.

Zaidi ya hayo, sitiari ya wembamba na unene inaafikiana na ala zenyewe. Kinachoitwa sauti nyembamba ni mtikisiko wa mara nyingi kwa nukta moja: noti ambayo okestra huilinganishia ala zake hutikisika mara 440 kwa nukta, na mwenzake mnene wa daraja la chini yake hutikisika mara 220. Uzi hutikisika mara nyingi zaidi ukiwa mwembamba, mfupi au uliokazwa. Kwa hiyo uzi mwembamba hutoa sauti nyembamba, na uzi mnene hutoa sauti nene. Ubao mdogo wa marimba hutoa sauti nyembamba, na mkubwa hutoa sauti nene. Chapuo, ambayo ni ngoma ndogo, husikika nyembamba, na vumi, kama jina lake lilivyo, huvuma kwa unene. Mtoto akiitazama ala yake anaweza kukisia sauti yake kabla ya kuigusa.

Sitiari ya juu na chini, kwa upande mwingine, hugongana na ala. Kijana ashikaye gitaa au udi huuona uzi wenye sauti iitwayo ya juu ukiwa chini kabisa, karibu na magoti yake. Apigaye chelo, ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti, hana budi kuushusha mkono wake kuelekea sakafuni ili sauti "ipande". Kwenye piano hakuna juu wala chini. Kuna kulia na kushoto. Mtoto wa Ulaya huyazoea mapingano hayo kwa sababu lugha yake imekwisha kumzoesha. Mtoto wa Korogocho au wa Ng'ambo hana sababu ya kubebeshwa mzigo huo siku ya kwanza. Aanze na wembamba na unene. Atakapofika kwenye mistari mitano, aambiwe kwamba waandishi wa nota wamekubaliana kuziweka sauti nyembamba juu. Hapo ataupokea kama mwafaka wa maandishi, nao hautamvuruga.

Mizani, Mkazo na Toni

Jambo la pili ni mapigo. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyewahi kusoma ushairi anajua kuhesabu. Anajua kwamba mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Hesabu hiyo ni msingi tayari wa kugawa lahani katika vipande vilivyo sawa. Ndiyo sababu mashairi mengi ya bahari moja yanaweza kuimbwa kwa mahadhi moja.

Mkazo nao husaidia. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefushwa mkazo huhama: katika imba uko mwanzo, katika imbisha umehamia katikati. Kwa hiyo majina ya ala yenyewe yanaweza kuwa zoezi la kwanza la kupiga makofi. Ngoma huanza kwa pigo zito na kumalizia kwa jepesi. Marimba huanza kwa jepesi, ikaja nzito, kisha jepesi. Tarumbeta ina mapigo mawili mepesi kabla ya lile zito. Mtoto akiyatamka majina hayo kwa zamu huku akipiga makofi, amejifunza tofauti baina ya lahani inayoanza kwenye pigo zito na ile inayolitangulia, bila ya neno lolote geni. Kinyume chake, nyimbo nyingi zilizotafsiriwa kutoka Ulaya ziliuweka mkazo mahali pasipo pake. Jina Mungu likaimbwa kana kwamba uzito wake uko mwishoni, na waimbaji wakazoea kuyasikia maneno yao wenyewe yakiwa yamepinda.

Jambo la tatu linahusu lugha nyingine za wanafunzi. Kijaluo, Kikikuyu na Kikamba ni lugha za toni. Katika lugha hizo wembamba na unene wa silabi huweza kubadili maana ya neno, na mtungaji hawezi kuipuuza toni pasipo kuyatia maneno shaka. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Hapa pana faida ya pekee kwa darasa la watoto wa asili mbalimbali. Lahani ya Wajaluo au ya Wakamba inaweza kuvikwa maneno ya Kiswahili pasipo maana kuharibika, na mtoto mwenye lugha ya toni analeta darasani sikio lililokwisha kufunzwa na mama yake kutambua tofauti ndogo za sauti. Mwalimu ajuaye hilo atamwona mtoto huyo kuwa na akiba. Asiyelijua atamwona kuwa mtupu anayesubiri kujazwa.

Msamiati Uliopo na Usiokuwapo

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya muziki. Kuna mahadhi na lahani, mapigo na mwendo, kiitikio na kibwagizo. Kuna majina ya watu kwa kazi zao: manju, aongozaye ngoma na kutunga nyimbo zake, sogora, bingwa wa kupiga ngoma, malenga na shaha katika utungaji. Kuna ala zisizohesabika: msondo, tari, upatu, kayamba, zeze, zumari, siwa, baragumu. Katika kidumbak kuna sanduku, ambalo ni sanduku la chai lililotiwa fimbo na uzi likawa ala ya besi. Kuna pia mkwasa na cherewa. Watu walioligeuza sanduku tupu kuwa ala na kuipa jina lile lile la sanduku hawakuona haya kuita kitu kwa neno lililokuwapo.

Historia ya neno kinanda yafundisha vivyo hivyo. Zamani lilitumika kwa ala ndogo ya nyuzi ya pwani, jamaa ya gambusi. Vilipokuja vinanda vya makanisani na piano, neno likapanuliwa. Ilipokuja santuri, nayo wengine wakaiita kinanda. Lugha haikungoja ruhusa.

Upungufu upo, lakini ni wa mambo machache. Hakuna neno moja lililozoeleka kote kwa ule mpangilio wa sauti zinazofuatana ambao wengine huuita ngazi na wengine skeli. Hakuna neno lililotulia kwa sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja zikapatana. Neno sauti limebeba mizigo mingi mno: ni mlio, ni noti, ni koo la mwimbaji, ni sehemu mojawapo kati ya nne za kwaya. Darasani mizigo hiyo haina budi kugawanywa. Noti itumike kwa mlio mmoja wenye kipimo, sauti ya kwanza hadi ya nne ibaki kwa sehemu za kwaya, ngazi itumike kwa mfuatano, na mapatano kwa noti zinazolia pamoja. Haya ni mapendekezo tu. La muhimu ni kwamba neno lolote litakalochaguliwa litumike kwa maana moja kuanzia somo la kwanza hadi la mwisho.

Hoja Zinazopinga

Zipo hoja tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba mitihani inayotambuliwa, kama ile ya Associated Board ya London inayofanywa na vijana wengi wa Kenya, hutumia Kiingereza na istilahi za Kitaliano, na kwamba kijana anayenyimwa istilahi hizo anafungiwa mlango. Hoja hii ni ya kweli kwa upande mmoja. Mwanafunzi na ajifunze istilahi hizo zote. Lakini swali ni la mfuatano: ajifunze nini kwanza, na kwa kitu gani alichokwisha kukielewa. Tena yafaa ikumbukwe kwamba Kitaliano kilipata cheo hicho kwa sababu wanamuziki wa Italia walifundisha Ulaya nzima kwa maneno yao ya kila siku. Neno la Kitaliano linaloashiria mwendo wa kasi lina maana ya uchangamfu tu katika soko la Roma.

Hoja ya pili ni kwamba Kiswahili sanifu chenyewe ni kigeni kwa vijana wa Nairobi, ambao lugha yao ya kila siku ni Sheng. Hoja hii ina uzito, nayo inaonya kwamba istilahi zisitungwe na watu walioketi ofisini na kisha kuteremshwa darasani. Vijana wanaofanya mazoezi kila juma hubuni maneno yao. Kazi ya mtaalamu wa lugha ni kuyasikiliza, kuyaandika, kuyalinganisha na yale ya mafundi wa Unguja na Mombasa, na kupendekeza yanayofaa kushirikiwa.

Hoja ya tatu ni kwamba Kiswahili kitazimeza sanaa za makabila. Jawabu limo katika wimbo wa taifa wa Kenya. Mwaka 1963 tume ya wanamuziki watano, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, ilichukua lahani ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, jamii ndogo ya Mto Tana. Lahani hiyo ikapangiwa sauti na kuvikwa maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Lahani ya mama mmoja wa Mto Tana ikawa ya wote, wala haikuacha kuwa ya Wapokomo. Madhali jambo hilo liliwezekana kwa taifa, linawezekana kwa darasa. Orutu ya Wajaluo, yenye uzi mmoja, ipewe nafasi mbele ya watoto wanaoanza kujifunza fidla, kwa kuwa zote mbili hupigwa kwa uta. Mtoto wa Kijaluo awe ndiye wa kuieleza kwa wenzake. Ataieleza kwa Kiswahili, na siku hiyo atakuwa mwalimu.

Hitimisho

Mwaka 2019 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kiliripotiwa kuwa katika hatari ya kufungwa kwa kukosa fedha, baada ya misaada ya wafadhili kupungua. Tukio hilo lilionyesha jinsi mipango hii ilivyo dhaifu hata inapokuwa na sifa njema. Lugha haiwezi kulipa mishahara wala kununua nyuzi za udi. Lakini iko tofauti kubwa kati ya mpango unaofungwa ukiacha vijana wenye kumbukumbu ya ala walizowahi kuzishika, na mpango unaofungwa ukiacha vijana wanaoweza kuketi barazani na kumfundisha mtoto wa jirani kwa sanduku, kayamba na maneno yanayoeleweka.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ya idara za lugha katika vyuo vikuu si ya kubuni kamusi kubwa. Ni ya kwenda mahali mazoezi yanapofanyika, kuyakusanya maneno ambayo mafundi na vijana wanayatumia kwa kila jambo la sauti, mapigo na ala, na kuyarudisha kwao katika kijitabu chepesi ambacho mwalimu wa Korogocho na mwalimu wa Unguja wanaweza kukitumia sawa. Kurasa zake za mwanzo zieleze wembamba na unene, zikitofautishwa na nguvu na upole. Mtoto akiisha kulielewa hilo kwa lugha yake, mwalimu wake hatamwambia tena kwamba hana sikio.